Makumbusho ya sayansi Lindi: kilima kiacheni, ingieni shimoni

Juzi kuna jamaa wa Lindi wamenipigia, wana wazo la makumbusho ya sayansi njia ya kwenda Tendaguru, kule kulikochimbwa mifupa ya dinosaria, wanataka jengo lisilogombana na pori. Mimi nachora ramani huku Mtwara, kazi zangu nyingi ni Mikindani kwenye ile miteremko inayotazama ghuba, kwahiyo kuna mawili matatu nimeyaona.

Kubwa kuliko yote, msijenge kileleni. Kila mteja anataka juu kabisa ili aonekane toka barabarani, ukimkubalia tu imeisha hiyo, hata upake rangi ya majani jengo litakaa pale kama kofia ya kuazima. Mimi natafuta kwanza sehemu iliyoharibika tayari, shimo la zamani la moramu mfano, jengo liingie humo, pale pazuri wageni wapande wenyewe kwa miguu. Ila maeneo yale msichimbe hovyo, chini bado kuna mifupa na inalindwa na sheria, watu wa Malikale, idara ya serikali ya mambo ya kale, wapite kabla ya jembe la kwanza.

Shimo lina faida nyingine. Yule dinosaria mkubwa wa Tendaguru, aliyechimbwa kati ya 1909 na 1913 na sasa amesimamishwa Berlin, ana kimo cha zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mkitaka hata nakala yake ya plasta mnahitaji ukumbi ambao ukiusimamisha kwenye tambarare unapita miti yote. Sasa mkiwa shimoni mgeni anaingia kwa juu, anakutana na kichwa cha mnyama uso kwa uso, alafu anashuka taratibu mpaka kwenye kucha, na kwa nje unaona paa tu limelala usawa wa vichaka.

Kinachoua majengo ya namna hii ni maji. Mvua zetu zinakuja za kumwaga, Desemba mpaka Aprili huko, na ukuta wa nyuma ndo unabeba mlima mzima ulioloa. Chimbeni mfereji upande wa juu, nyuma ya ukuta jazeni mawe na bomba la kutolea maji, hiyo hela msiipunguze hata bajeti ikibana, bora mkose vigae vya chooni.

Paa sasa, maana hapa ndo watu wanaiga vitu vya mtandaoni. Wote wananionyesha ile California Academy of Sciences, makumbusho ya San Francisco, aliyoichora msanifu Renzo Piano, ilifunguliwa 2008, paa lina vilima na mimea milioni 1.7. Ni nzuri kweli, sibishi. Lakini Lindi ikifika Agosti nyasi zimekauka na moto wa porini unatembea, kwahiyo ama paa liungue ama ukae unamwagilia bustani ya juu ya bati wakati kijijini wanafuata maji na baiskeli. Na kwanini liwe la kijani wakati pori lenyewe limekuwa kahawia? Mimi ningeangalia kituo cha wageni cha Mapungubwe, Afrika Kusini, kazi ya msanifu Peter Rich ya 2009: wenyeji walifyatua vigae kwa udongo wa palepale na saruji kidogo, wakajenga makuba, juu wakafunika mawe, ukitazama kwa mbali unaona rangi ya ardhi tu. Udongo mwekundu tunao, mafundi tunao. Mawe ya matumbawe kama ya Mikindani sishauri, miamba ya baharini imeshachoka na watu wa chokaa.

Magari yaishie mbali, chini ya mikorosho. Wapagazi walibeba ile mifupa kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa, mgeni wa leo kutembea dakika kumi hatakufa.

Alafu vile vidude ambavyo havimo kwenye picha nzuri za mteja: tenki jeusi la maji juu ya mnara, banda la jenereta, choo cha walinzi, nguzo za umeme. Vichoreni siku ya kwanza, la sivyo fundi atavipachika panapomfaa yeye, yani mbele ya jengo. Na bango, kama mfadhili analazimisha jina lake lionekane, muwekeeni huko barabara kuu.