Ukitumwa kuuza kwa watu wasio wa kwenu

Mdogo wangu unayeanza kazi ya masoko, bango langu la kwanza Dar es Salaam lilikuwa na maneno mawili: "Nunua leo!" Tulilileta kama lilivyo kutoka Nairobi, ambako sabuni ile ile ilikuwa inatoka vizuri. Mama mwenye duka kule Temeke alinitazama nikilibandika mlangoni kwake, akauliza, "Hawa mbona wanaamrisha? Hata karibu hamna?" Mvua ilikuwa inanyesha, nikakaa kwenye benchi lake hadi ikatike. Kila aliyeingia alianza na salamu, kisha: "Naomba sabuni." "Naomba kiberiti." Naomba, na hela iko mkononi. Nairobi mtu husema "nipe" na hakuna anayeudhika, kwa kuwa kule neno hilo halina ukali. Tulikuwa tumehakiki tahajia ya bango mara tatu, adabu yake hatukuiangalia hata mara moja.

Kwenye benchi lile niliona na jambo la pili, ambalo limenisaidia kuliko la kwanza. Wengi waliokuja kununua walikuwa watoto waliotumwa. Mtoto hakutaja jina la sabuni, alisema "kipande cha sabuni ya mche". Mama mwenye duka ndiye aliyenyoosha mkono rafuni, akachukua mche aliotaka yeye, akaukata. Sisi ofisini tulikuwa tunagombania moyo wa mama wa nyumbani, kumbe kwa wanunuzi wale uamuzi ulikuwa umekaa nyuma ya kaunta. Ukipelekwa nchi mpya, au hata mkoa mpya, jiulize hivi: nani anatoa hela, nani anatumwa, na nani anachagua? Mara nyingi si mtu mmoja.

Nenda pia ukawatazame wanaonunua kanga. Mteja anafungua doti, anapitisha jicho kwenye rangi, halafu anasoma jina, yaani ule msemo uliochapwa juu yake. Likiwa ni kijembe, hawezi kumpelekea mkwewe hata kama maua yake yamempendeza, kwa sababu kanga ile itasema kwa niaba yake kila itakapovaliwa. Kwa miaka mingi kanga zimechapwa Ulaya, India na Japani, lakini maneno yake walitoa wafanyabiashara wa pwani yetu. Kanga za Kaderdina wa Mombasa, zenye alama ya "Mali ya Abdulla", zina asili yake mwaka 1887. Mwenye mashine alikuwa mbali, na aliyejua mke anataka kumwambia nini jirani yake alikuwa hapa hapa. Huyo wa hapa hapa ndiye unayemhitaji, na umlipe vizuri.

Sasa nije kwenye kalenda, maana hapa nimeona vijana wazuri wakilaumiwa bure. Makao makuu hulinganisha mwezi na mwezi kama huo wa mwaka jana. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo Ramadhani husogea nyuma kila mwaka. Idi ya 2024 Tanzania iliangukia Aprili 10, ya 2025 ikaangukia Machi 31. Kwa hiyo unga wa ngano, sukari, tende, tambi na nguo za watoto, ambavyo mwaka mmoja viliingia kidogo Machi na kidogo Aprili, mwaka uliofuata viliishia Machi vyote. Ukiuza Unguja, Mombasa au Muscat, Aprili ya 2025 ingeonekana imeanguka, na huko ngazi ya mkoa mtu angeulizwa amelala wapi. Tengeneza jedwali lako la pili linalohesabu wiki kabla na baada ya Idi, lipeleke pamoja na la kampuni. Na katika mwezi wenyewe, mambo hubadilika ndani ya siku: watu wananunua alasiri kwa ajili ya futari, kwa hiyo gari lako la mzigo likifika saa kumi na moja jioni limechelewa.

Lakini usije ukaufanya utamaduni kuwa shimo la kutupia kila kosa. Wengi mtasimuliwa habari za Walmart, kampuni ya Marekani ya maduka makubwa, huko Ujerumani: iliingia 1997, ikaondoka 2006 na kuyauza maduka yake 85 kwa kampuni ya Metro. Husimuliwa kwamba Wajerumani hawakupenda wahudumu wanaowatabasamia tu bila sababu, wala mhudumu wasiyemjua kuwashikia vyakula walivyonunua na kuwapangia kwenye mifuko. Hilo lilikuwepo. Ila msimuliaji husahau kwamba Aldi na Lidl, maduka ya Wajerumani wenyewe, walikuwa wanauza rahisi tangu zamani, na kwamba sheria za nchi zilibana saa za kufungua maduka na kuuza chini ya bei ya kununulia. Tabasamu lingeondolewa, bei ingebaki pale pale. Nimekaa vikao ambapo tuliambiwa "watu wa huku hawapendi bidhaa hii", na tulipokwenda kuangalia, pakiti ndogo kabisa ilizidi hela ya matumizi ya siku. Anza na bei, kipimo na kama mzigo unafika. Vikiwa sawa, ndipo uulize mila.

Na mila zenyewe hazikai. Japani Krismasi si sikukuu ya serikali na Wakristo ni wachache, lakini tangu mikahawa ya KFC ilipoanza kampeni yao mwaka 1974, familia nyingi huagiza kuku wa kukaanga mapema kwa ajili ya usiku huo. Siku ilikuwa haina kitoweo chake, wakaipatia. Kwa hiyo ulichoandikiwa na aliyekutangulia kituoni, kihakiki upya.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo ilibeba shanga na vitambaa vya merikani na kaniki. Shanga nyeusi zilizopokelewa Ugogo zilikataliwa kwingine, na mwenye msafara aliyefunga mizigo bila kuuliza waliotoka bara alibebesha wapagazi bidhaa isiyonunua hata chakula njiani. Mimi hadi leo nikipangiwa eneo jipya, kabla ya kuonana na meneja yeyote, nawatafuta madereva na matingo wa magari ya mzigo wanaporudi jioni. Nawaomba waniambie maboksi gani wamerudi nayo, na mwenye duka alisema nini alipoyakataa. Naandika maneno yake kama alivyoyasema.