Maswali ya Wasomaji: Mfanyakazi Asipojifunza, Mwalimu Hakufundisha

Barua za safari hii zote zinahusu mafunzo kazini. Tumechagua tano, tukafupisha zile zilizokuwa ndefu, na majina ya waandishi hatukuyachapisha.

Swali: Mimi ni msimamizi wa laini ya ushonaji katika kiwanda kimoja cha nguo. Kila mwezi naletewa wageni wanne au watano niwafundishe kazi. Nawaeleza kwa utaratibu, nawaonyesha, kisha nawauliza kama wameelewa, nao wote huitikia kwamba wameelewa. Haipiti saa moja mishono inaruka na sindano zinavunjika. Meneja anasema sijui kufundisha; mimi naona siku hizi tunaletewa watu wasiosikiliza. Kosa ni la nani? — *Msimamizi, Morogoro*

Jibu: Ndugu Msimamizi, swali lako liliwahi kuwasumbua watu wenye viwanda vikubwa kuliko chako, na jibu walilolifikia halitakufurahisha. Mwezi Agosti 1940, vita vikiwa vimeshaenea Ulaya, serikali ya Marekani iliunda programu iliyoitwa Training Within Industry, ikiongozwa na watu waliotoka viwandani wenyewe, miongoni mwao Channing Dooley na Walter Dietz. Viwanda vilikuwa vinapokea maelfu ya watu ambao hawajawahi kushika mashine, wakati mafundi wenye uzoefu walikuwa wachache na hawakuwa na muda. Tatizo la kwanza kuletwa mezani lilikuwa la wasugua lenzi za vifaa vya kijeshi, kazi iliyohesabiwa kuhitaji kama miaka 5 ya kujifunza. Wakaichambua, wakatenga sehemu chache zinazohitaji ufundi wa kweli na zile nyingi zinazoweza kufanywa na mtu mwingine, wakaandika namna ya kuifundisha kila sehemu, na muda wa kumwandaa mfanyakazi ukashuka hadi miezi michache.

Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kozi fupi ya wasimamizi kama wewe, ya saa 10 kwa jumla, vikao vitano vya saa mbili mbili, watu wapatao 10 kwa kundi. Hadi programu inafungwa mwaka 1945, zaidi ya watu milioni 1.6 walikuwa wamepata vyeti vya kozi zake, katika viwanda zaidi ya 16,500. Kauli mbiu yake ndiyo niliyosema haitakufurahisha: mfanyakazi asipojifunza, mwalimu hakufundisha.

Hatua zenyewe zilikuwa nne, na mizizi yake iko kwa Charles Allen, ambaye alikuwa ameshughulikia mafunzo ya wajenzi wa meli wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuyaandika mwaka 1919. Kwanza unamwandaa mwanafunzi: unamtoa hofu, unamuuliza anajua nini tayari, na unamweka mahali ambapo ataiona kazi jinsi atakavyoifanya, si kutokea upande wa pili wa meza ambako kulia kumegeuka kushoto. Pili unamwonyesha na kumweleza, hatua moja baada ya nyingine, bila kumpa zaidi ya anachoweza kubeba. Tatu anaifanya yeye mbele yako, kisha anairudia huku akikueleza kila jambo la muhimu na sababu yake, na haachwi mpaka wewe uwe na hakika kwamba anajua. Nne unamwacha afanye peke yake, lakini umemtajia mtu wa kumuuliza akikwama, na unampitia mara kwa mara, kisha mara chache zaidi kadiri anavyozoea.

Kwa jinsi ulivyoandika, wewe unaishia hatua ya pili. Badala ya hatua ya tatu unauliza, "Mmeelewa?" Kwetu sisi swali hilo lina jibu moja tu, kwa sababu mgeni hawezi kumwambia mkubwa wake mbele ya wenzake kwamba maelezo yake hayakueleweka, "ndiyo" yake ni heshima, wala haikuambii lolote kuhusu sindano. Acha kabisa kuuliza hivyo. Mwambie, "Hebu badilisha sindano hii, nami nitazame."

Na kabla ya kufika hapo, keti na karatasi uichambue kazi, maana mtu aliyeizoea kazi kwa miaka mingi ndiye anayesahau kuyasema yale ambayo mikono yake inayafanya yenyewe. Chukua hiyo hiyo kazi ya kubadilisha sindano kwenye cherehani ya kiwandani ya mshono wa kawaida. Zima mashine, kwa sababu mguu ukigusa pedali kidole kinatobolewa. Zungusha gurudumu la mkono mpaka sindano ifike juu kabisa. Legeza skrubu, toa sindano ya zamani. Ingiza mpya, mfereji wake mrefu ukielekea kushoto, kwa sababu uzi unaingia kutokea upande huo. Isukume juu hadi igote, kisha kaza skrubu. Hayo maneno mawili, "hadi igote", ndiyo yanayoamua kila kitu: sindano ikibaki chini hata kidogo, haikutani vizuri na ndoana inayodaka uzi, na mishono inaruka. Je, uliwahi kuyatamka kwa wageni wako, au uliyafanya tu haraka haraka wao wakiwa wamesimama nyuma ya bega lako? Wale waanzilishi walikuwa na kipimo kizuri cha jambo la kutiliwa mkazo: lile linaloweza kuiharibu kazi, kumuumiza mfanyakazi, au kumrahisishia. Mengine yote mgeni atayaokota mwenyewe njiani.

Kwa hiyo meneja wako amesema kweli, ingawa naye aulizwe ni nani aliyewahi kukufundisha wewe kufundisha.

Swali: Nimeona matangazo ya nafasi ya kazi yanayomtaka "msanifu wa mafunzo" mwenye shahada. Mimi ni afisa rasilimali watu na kwa miaka mingi nimekuwa nikiandaa kozi bila cheo hicho. Je, ni taaluma ya kweli, au ni mwalimu wa kawaida aliyepewa kompyuta? — *Afisa, Nairobi*

Jibu: Ni taaluma ya kweli, na ina umri mkubwa kuliko kompyuta za ofisini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanasaikolojia waliokuwa wamelitumikia jeshi la Marekani waliendelea kujiuliza kwa nini kanuni walizozijua maabarani hazikutosha kumfundisha askari kutengeneza mtambo. Mmoja wao, Robert Gagné, aliandika mwaka 1962 kwamba kumrudisha mtu kwenye mazoezi yale yale si dawa ya kila kitu. Kinacholeta tofauti zaidi ni kuigawa kazi katika vijisehemu vyake, kuhakikisha kila kimoja kimejulikana, na kuvipanga kwa mfuatano unaofaa. Utaona kwamba, kwa lugha ya kitaalamu, hayo hayako mbali na aliyoambiwa ndugu yetu wa Morogoro.

Wakati huo huo B. F. Skinner, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, alikuwa na mashine zake za kufundishia. Inasimuliwa kwamba mwaka 1953 alikwenda kulitembelea darasa la hesabu la binti yake, akakerwa na mambo mawili: watoto wote walilazimika kwenda kwa mwendo mmoja, na hakuna aliyejua kama amepata au amekosa mpaka baadaye. Masomo yaliyofuata mawazo yake yaligawanywa vipande vidogo vidogo, kila kipande na swali lake, na jibu likaonekana papo hapo. Mashine zenyewe zilipotea, lakini zililazimisha swali ambalo walimu wengi walikuwa wakilikwepa: mwishoni mwa somo hili, mtu huyu ataweza kufanya nini? Mwaka 1962 Robert Mager aliandika kitabu kidogo kuhusu jambo hilo peke yake, akisema lengo la somo litaje kitendo kinachoonekana, mazingira ya kukifanyia, na kiwango cha kukubalika. "Kufahamu umuhimu wa huduma bora" si lengo, kwa sababu hakuna awezaye kuuona ufahamu huo. "Akipewa malalamiko ya mteja kwa simu, ataweza kuyaandika kwenye fomu bila kuacha sehemu tupu" ni lengo, hata kama halipendezi masikioni.

Mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kilililetea jeshi la nchi kavu la Marekani utaratibu kamili wa hatua tano: kuchambua, kusanifu, kuandaa, kutekeleza na kudhibiti. Leo hatua ya mwisho huitwa kutathmini, na utaratibu wenyewe unajulikana kwa kifupisho cha ADDIE, yaani herufi za kwanza za majina ya Kiingereza ya hatua hizo. Tangazo uliloliona bila shaka linakitaja. Usikiogope. Kama unapoandaa kozi unaanza kwa kwenda kuitazama kazi inavyofanyika, umeshakuwa msanifu. Kama unaanza kwa kufungua slaidi, shahada nayo haitakusaidia sana.

Swali: Mwezeshaji mmoja alituonyesha piramidi inayosema tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma, asilimia 20 ya tunachosikia, hadi asilimia 90 ya tunachofanya. Takwimu hizi ni za nani? — *Mkufunzi, Dodoma*

Jibu: Si za utafiti wowote unaoaminika, na namba zenyewe, zote makumi kamili, zingetosha kukutia shaka. Mara nyingi hubandikwa jina la Edgar Dale, ambaye mwaka 1946 alichora koni ya aina za uzoefu wa kujifunza. Koni ya Dale haikuwa na asilimia hata moja, na yeye mwenyewe alitahadharisha isichukuliwe kama sheria. Wengine waliongeza namba baadaye. Kwamba kutenda kunasaidia ni kweli, lakini usiisimamishe kweli hiyo juu ya mguu wa bandia.

Swali: Nasimamia mapokezi katika hoteli. Wafanyakazi wangu wamepelekwa mafunzo ya huduma kwa wateja mara tatu kwa miaka miwili. Kila mara wanarudi na vyeti na furaha, na wageni wanaendelea kulalamika kwamba ankara zao zinachelewa wakati wa kuondoka. Nitumie mkufunzi gani safari hii? — *Mkuu wa Mapokezi, Zanzibar*

Jibu: Dada yangu (nakuita hivyo kwa mwandiko wako, kama ni kaka, uniwie radhi), usitumie yeyote kwanza. Mager na mwenzake Peter Pipe walipendekeza mwaka 1970 swali ambalo lingeziokoa ofisi zetu bajeti nyingi za semina: je, mtu huyu angeweza kuifanya kazi hii kama uhai wake ungeitegemea? Kama angeweza, hana upungufu wa ujuzi, na kumfundisha tena ni kutwanga maji kinuni. Kizuizi kiko kwingine: vifaa, utaratibu, au pengine anayefanya vizuri huongezewa mzigo na anayezembea hupumzishwa.

Naongea kama mtu aliyewahi kuaibika. Miaka kadhaa iliyopita niliendesha semina ya siku mbili kwa watunza ghala wa taasisi moja, kuhusu kujaza fomu za kutolea vifaa. Ilikwenda vizuri, wakanipigia makofi, posho zikalipwa. Niliporudi baada ya miezi mitatu, fomu hazikuwa zimejazwa. Ikabainika kwamba zinafungiwa kabatini, na ufunguo unakaa kwa afisa mmoja ambaye mara nyingi yuko safarini. Watunza ghala walijua kujaza fomu kabla sijafika, na hakuna aliyeona adabu kunikatiza nilipokuwa nikiwafundisha.

Ile furaha ya vyeti unayoitaja ina mahali pake. Donald Kirkpatrick, katika makala alizoanza kuzichapisha mwaka 1959, alitenganisha mambo manne ya kupima: washiriki walivyoyapokea mafunzo, walichojifunza, walivyobadilika wakiwa kazini, na matokeo kwa taasisi. Karatasi tunazogawa mwisho wa semina hupima la kwanza tu, na chakula cha mchana kikiwa kizuri alama hupanda. Wewe anza na la nne. Simama mapokezi asubuhi wageni wanapoondoka, ukiwa na saa mkononi, ufuatilie ankara moja tangu mgeni anapoiomba. Huenda ukakuta mhudumu anasubiri karatasi ya mgahawa ambayo huletwa na mtu kwa miguu. Ikiwa ndivyo, fedha za semina zinunue dawa ya tatizo hilo.

Swali: Nina gereji ndogo. Mimi nilijifunza kwa kutumwa spana na kutazama kwa miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kugusa injini. Mwanangu anasema njia hiyo imepitwa na wakati. Wewe wasemaje? — *Fundi, Mombasa*

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Kutazama kwako hakukuwa bure: mwanagenzi anayekaa karibu na fundi hujifunza kuusikia mlio wa injini mbovu, na hilo sijaona kitabu kinachoweza kumpa. Lakini miaka miwili ya spana ilikuwa pia namna ya kupata mikono ya bei nafuu, na nadhani ulilijua hilo hata wakati ule. Njia yako ina upungufu mmoja ambao ni rahisi kuuziba, nao ni kwamba fundi hufanya bila kusema. Chagua kazi moja wiki hii, tuseme kubadilisha pedi za breki. Ifanye polepole kijana akiwa upande wako, sema kwa sauti kila unachokiangalia na kwa nini unakiangalia, kisha gurudumu la upande wa pili mwachie yeye, naye aseme. Wewe weka mikono mifukoni mpaka amalize, kisha ukague kila nati kabla gari halijatoka.