Leza ya kijani na doa la katikati

SWALI: Skrini yetu ya fuwele kimiminika, ya kuunda mawimbi ya mwanga, imepimwa kwa leza nyekundu ya nanomita 633. Tukiweka ya kijani, 532, doa kali hubaki katikati. Kwa nini?

JIBU: Ngazi ya 255 (ngazi ni namba ya amri ya kila pikseli, 0 hadi 255) inayozungusha awamu, yaani hatua ya wimbi katika mzunguko wake, duara moja kamili kwa nyekundu, kwa kijani huizungusha kupita duara hilo, hivyo sehemu ya mwanga hukosa kupelekwa inakotakiwa na kubaki katikati. Kwa kukisia, duara la kijani hutimia karibu na ngazi ya 214. Kwa kawaida chini kidogo, maana fuwele hupinda kijani zaidi. Usikisie, pima. Onyesha mistari ya ngazi 0 ikipishana na ngazi g, panda g kutoka 0 hadi 255, huku fotodiodi (kifaa cha kupima ukali wa mwanga) ikisoma doa la kwanza la pembeni linalotokana na mistari hiyo. Kilele cha kwanza ni nusu duara. Bonde linalofuata ni duara kamili. Tengeneza jedwali la ngazi na awamu kwa kila rangi.

Doa la katikati likiwa bado lipo, ingawa hafifu, kagua mwelekeo wa mtetemo wa mwanga: ukikosea hapo, jedwali halisaidii kitu. Kinachosalia mara nyingi hutoka kwenye nafasi kati ya pikseli.

Mkitaka kunyoosha mawimbi ya rangi zote kwa pamoja, tumieni kioo kinachobonyea: kikisogea nanomita 100, njia ya kila rangi inayokipiga wima hubadilika 200.