Msinihesabie toroli la mtu mwingine

Mwanangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, na wa wenzako wa barazani nimeusikiliza pia. Mwasema Ulaya chakula si taabu: mtu yuashuka ngazi, yuaingia dukani, yuajaza toroli, yuarudi. Kwa hiyo ati mimi shangazi yenu, ninayetuma shilingi 10,000 za Kenya kwa mwezi, nina mkono mgumu. Hayo mmeyatoa kwenye picha za kijana wa Mkomani aliyeko Oslo. Sina ubaya naye. Lakini mimi siishi Oslo, na yale maneno yameniuma.

Mimi niko Finnmark, kaskazini kabisa ya Norway, kijiji cha wavuvi chenye duka moja, na duka hilo hilo ndilo posta. Jumapili halifunguliwi, sheria ya huku ndivyo ilivyo kwa maduka mengi. Habari za baridi, na za jua kutochomoza tangu mwisho wa Novemba hadi Januari inapokaribia kwisha, mmekwisha kuzisikia, naziacha. Nataka niseme habari ya njia.

Kila kitu huja kwa lori, na lori hupita mlimani. Upepo ukichacha na theluji ikitanda, njia hufungwa. Hata ikifunguliwa, hupiti utakavyo. Magari hujipanga kwenye kizuizi, gari la kusukuma theluji hutangulia, nanyi mwafuata nyuma yake mmoja mmoja mpaka ng'ambo. Watu wa Faza na Kizingitini huko kwetu Lamu mtanielewa, maana ni kama zamani tulivyokuwa tukingoja maji yajae ndipo chombo kipite Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari. Ila Mkanda maji hujaa mara mbili kwa siku. Huku njia yaweza kufungwa leo, na kesho, na kesho kutwa.

Siku hizo ingia dukani uangalie upande wa mboga. Kreti tupu, majani ya kabichi yaliyobanduka, vitunguu. Nyanya zikiwapo zimepangwa kwenye trei ya plastiki, ngumu, hata harufu ya nyanya hazina. Maziwa lita moja ni krona 20 na ushei, na krona moja, fedha ya huku, ni zaidi ya shilingi 12. Piga hesabu mwenyewe.

Bei nimeizoea. Kinachonichoma ni nyama. Ya halali hapa kijijini haipo, ipo mjini, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na gari sina. Leseni yangu ya Kenya haibadilishwi huku. Yataka usome udereva upya, kwa maelfu ya krona ambayo kila yakikusanyika, nyumbani kumetokea jambo. Kwa hiyo naomba lifti. Mimi niliyelelewa katika nyumba ambayo mgeni hakuondoka bila kula, nabisha hodi kwa jirani kumuuliza lini yuaenda mjini, na kama nyuma ya gari patabaki nafasi. Ni mzee mwema, hajanikatalia hata siku moja. Lakini kuomba ni kuomba. Nyama nanunua kwa kadiri ya nafasi aliyoniachia, si kwa kadiri ya haja yangu, kisha naigawa vifuko vidogo vidogo ndani ya friza ili inifikishe safari nyingine.

Na mwezi ninaozidisha fedha ya nyumbani ndio mwezi wa viazi, na wa mikate iliyobandikwa bei pungufu kwa kuwa tarehe yake yaisha kesho. Silalamiki. Bibi yako lazima ale na dawa zake zinunuliwe, hilo sitaliacha maadamu napumua. Nasema ili msinihesabie toroli la mtu mwingine.

Sasa, umeuliza kama uje. Usije. Kama una kazi ya chombo hapo, hata ya kuvusha abiria Mokowe, kaa nayo, uoe, ule samaki aliyevuliwa asubuhi. Na wakala yeyote anayetaka fedha mbele, mwambie aende zake.

Lakini ukija, lugha kwanza. Pili, fedha ya udereva iwekwe kando kabla ya simu mpya. Usinibebee unga, unga umejaa tele. Iliki pia ipo, mpaka kwenye hili duka letu, maana hawa huitia kwenye mikate yao ya sukari. Mahamri napika, kwa tui la kopo. Samaki ndiye atakayekushangaza. Bandarini wanashushwa kwa matani, wanapakiwa, wanakwenda zao nje, na dukani wamo kwenye friza, vipande vilivyokwisha kuganda. Ila mkazi yuaruhusiwa kuvua baharini kwa mshipi kwa chakula chake, bure. Wewe na mkono wako ule, wallahi hungelala njaa huku. Ungenilisha hata mimi.

Fedha ya mwezi huu imeshatoka. Toa ya dawa kwanza, inayobaki ni ya sokoni, na umpeleke bibi mwenyewe achague samaki wake, usimchagulie. Na kama cheti chako cha chuo kimetoka kweli, nitumie nakala niulizie. Koti usinunue Mombasa, yale hayafai huku.