Kabla ya Kufunga Winchi kwenye Lori la Safari za Porini, Kagua Chesisi

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu winchi, yaani mashine ya kulivuta lori kwa kamba, huanza kwa kuuliza aina ya mashine na nguvu yake, ilhali kwa uzoefu wangu wa kufunga winchi kwenye malori mazito, mashine yenyewe ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Winchi inayovuta tani 10 huielemea chesisi, yaani fremu ya lori, kwa tani hizo hizo 10, na pale ilipofungwa pakiwa dhaifu, litang'oka bampa huku lori likibaki matopeni.

Kuhusu nguvu, kanuni inayotumika sana ni kuchukua uzito wa lori likiwa limesheheni maji, mafuta, matairi ya akiba na abiria, kisha kuuzidisha kwa 1.5, hivyo lori la tani 8 huhitaji winchi ya tani 12. Hata hivyo, namba iliyoandikwa kwenye winchi huhusu tabaka la kwanza la kamba, lile linalogusa dramu, yaani silinda inayokunja kamba. Kila tabaka linaloongezeka juu yake huifanya dramu iwe nene zaidi na kupunguza nguvu ya kuvuta. Ndiyo sababu siwezi kusafiri bila kapi, yaani gurudumu la kupitishia kamba. Kamba ikipita kwenye kapi lililofungwa mtini na kurudi kwenye lori, nguvu ya kuvuta hukaribia maradufu, ingawa mwendo hupungua kwa nusu, na mti nao hubeba karibu mara mbili ya mzigo ulio kwenye kamba.

Mahali pa kuifunga winchi panastahili kufikiriwa kuliko inavyofanyika kwa kawaida. Karibu kila mtu huiweka mbele, lakini lori lililozama mara nyingi hutoka kwa urahisi zaidi kwa kurudi lilikotoka, na winchi ya mbele hulivuta kuelekea kwenye tope lile lile. Yapo malori ambayo winchi yake hukaa katikati ya chesisi ili kamba iweze kutokea mbele au nyuma. Ni kazi ya gharama, na kuifikia winchi kwa usafi na matengenezo ni taabu, lakini kwa anayesafiri bila gari la pili mimi naiona inafaa.

Ukiamua kuiweka mbele, usitoboe tundu lolote kabla ya kufanya jaribio. Mimi hukata boksi gumu kwa vipimo kamili vya winchi, nikalishikiza mahali pake, kisha nikainamisha kabini hadi mwisho, kwa sababu malori mengi huinamisha kabini mbele ili injini ifikiwe, na winchi iliyozidi kimo kidogo tu huizuia. Hapo hapo hutazama kama hewa bado inafika kwenye rejeta, na kama mkono uliovaa glavu unaweza kulifikia wenzo la kuachia dramu izunguke bure. Kumbuka pia kwamba winchi na bampa lake huongeza mzigo kwenye ekseli ya mbele, ambayo ina kikomo chake.

Mihimili ya chesisi usiichomelee wala kutoboa kingo zake za juu na za chini, kwa maana chuma chake mara nyingi kimeimarishwa kwa joto na moto wa kuchomelea hukidhoofisha. Tumia matundu ya kiwandani yaliyo ubavuni mwa mhimili, na bolti zenye alama ya 8.8 kichwani au daraja lililotajwa na mtengenezaji wa winchi. Urefu wake nao una maana: bolti ndefu mno hugota kabla ya kukaza, na fupi mno hushika nyuzi chache zinazoweza kukatika.

Upande wa umeme, malori mengi hutumia volti 24 kutoka betri mbili zilizounganishwa mfululizo. Usichukue volti 12 kutoka betri moja ili kuendesha winchi ya gari dogo, kwa kuwa betri hizo zitapishana chaji na moja itakufa mapema. Winchi ya volti 12 ikivuta kwa nguvu zote huweza kuzidi ampea 400, na ya volti 24 yenye uwezo sawa huhitaji takriban nusu yake, kwa hiyo weka kebo nene, rudisha waya hasi moja kwa moja kwenye betri, na funga swichi kuu karibu na betri.

Kamba ya sintetiki ni nyepesi na ikikatika hairuki kwa ukali kama waya wa chuma, lakini haipatani na joto wala na kingo zilizokwaruzwa na waya wa zamani, hivyo badilisha pia mdomo inamopitia. Kabla ya safari, ifungue yote ukiacha mizunguko 8 hadi 10 kwenye dramu, kisha ikunje upya lori likijivuta lenyewe taratibu kupanda mteremko mdogo, ili matabaka ya juu yasizame kati ya yale ya chini. Baada ya mvuto huo wa kwanza kaza tena bolti zote na upake mstari wa rangi kutoka kichwa cha kila bolti hadi kwenye bamba. Mstari ukiachana, bolti hiyo imelegea.