Gari la jeshi maonyeshoni: kwa wanaoanza

Tangu Arusha ijae Land Rover kutoka kila kona ya nchi Oktoba 2024, vijana wanaonijia gereji hapa Tabora wameongezeka. Mmoja ana Land Rover kuukuu iliyowahi kuwa ya jeshi, mwingine ameokoa lori la Bedford lisiishie kwenye chuma chakavu. Wote huuliza swali lile lile: nipige rangi gani ili watu wageuke? Naelewa, maana kufufua gari ni kazi ndefu na mtu anataka jasho lake lionekane. Lakini ukitaka kulipeleka gari la namna hii mbele ya watu, jiulize kwanza limepitia wapi na una ushahidi gani. Gari la nyumbani lipambe upendavyo, ni lako. Gari lililotumikia jeshi kuna watu waliolala ndani yake, wakalisukuma kwenye matope, na wengine hawakurudi. Ukilisimamisha uwanjani unawasemea hao, kwa hiyo kila kinachoonekana juu yake kiwe kweli.

Tumalize karatasi kwanza. Hati ya mnada, kadi ya gari na namba iliyopigwa kwenye chesisi lazima vikubaliane, vikae kwenye faili moja, na faili hilo lisafiri na gari. Namba za jeshi usizibandike, hata kama umepata picha ya zamani inayozionyesha. Ziandike kwenye kibao cha maelezo. Atakayesimama kando ya gari avae ovaroli ya fundi. Agosti 2023 Jeshi liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo, na uwanja wa maonyesho si mahali pa kujaribu sheria. Bunduki ya mbao na maganda ya risasi viache kabisa. Polisi wa eneo wajulishwe kwa barua mapema, na nakala yenye mhuri iingie kwenye faili lile lile.

Sasa rangi. Kabla hujanunua hata kopo moja, chukua msasa laini wa maji ukae na gari lako asubuhi nzima. Tafuta mahali ambapo bunduki ya rangi haikufika: chini ya kiti, nyuma ya dashibodi, ndani ya kisanduku cha betri, chini ya bawaba za mlango. Sugua sehemu isiyozidi upana wa kidole gumba, polepole, ukizungusha na kulowesha. Rangi zitajitokeza kama miduara, mmoja ndani ya mwingine: nyeupe ya mwenye gari wa mwisho, bluu ya mradi fulani uliolitumia kabla yake, kijani kimoja, kijani kingine, halafu alumini tupu. Piga picha mchana kweupe na rula ikiwa pembeni. Picha hiyo ichapishwe kubwa na ibandikwe kwenye kibao chako, kwa sababu ndiyo inayomwonyesha mtazamaji kwamba kijani ulichopaka hukukitoa kichwani. Mahali pale uliposugua usipafunike. Paache wazi, na mtu akiuliza, nyanyua kiti umwonyeshe.

Wengi humalizia na vanishi ili gari ling'ae. Usikimbilie. Majeshi mengi hupaka rangi iliyofifia kwa sababu mng'ao humwonyesha adui gari lilipo. Ila nalo si jambo la kushika kama msahafu: Jeshi la Uingereza miaka ya 1950 lilikuwa na kijani kilichokolea chenye mng'ao, hivyo ukikuta tabaka la chini kabisa linang'aa, lifuate lenyewe na usifuate nilichokuambia hapa.

Jifunze pia umri wa vipuri kwa macho. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Toleo la kwanza, Series I, liliundwa hadi 1958, Series II hadi 1961, IIA hadi 1971, na III hadi 1985. Kwenye II na IIA geji zimekaa katikati ya dashibodi. Kwenye III zimehamia mbele ya dereva. Taa kubwa za zile za awali ziko ndani, ubavuni mwa grili, na mwishoni mwa miaka ya 1960 zikasogezwa nje kwenye madigadi. Grili ya III ni ya plastiki, za matoleo ya kabla yake ni za waya. Grili ya plastiki kwenye IIA mjuzi ataiona akiwa bado getini, na baada ya hapo hata yale uliyoyafanya kwa uangalifu atayatilia shaka. Kama ya waya hujaipata, weka hiyo ya plastiki na uandike kwamba si yake.

Hapo ndipo penye kiini cha ushauri wangu wote, na injini ndiyo mtihani wake. Magari mengi ya huku yamewekwa injini za dizeli za Kijapani, kwa sababu ile ya petroli ya lita 2.25 inakunywa mno na spea zake zinasumbua kupatikana. Wenye magari hufunga boneti wakiona aibu. Fungua boneti! Kigoma wana mfano mkubwa kuliko gari lolote tutakalofufua sisi. Meli Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa kwenye makasha na kupandishwa reli hadi Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915 na kufungwa mizinga. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa, lakini mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 mitambo ya mvuke ikatolewa, zikaingia injini za dizeli. Sijamsikia mtu wa Kigoma akisema hiyo si meli ile. Jina limebadilika, bendera imebadilika, injini zimebadilika, na yote yanasimuliwa bila kuficha, ndiyo maana wageni husafiri kutoka mbali kwenda kuiona. Land Rover yenye injini ya Toyota ambayo mwenyewe amesema ni ya Toyota haina cha kuionea aibu.

Somo la ile grisi nalo lichukue. Bodi ya Land Rover ni alumini na chesisi ni chuma. Maji yakikaa kati ya hivyo viwili, alumini ndiyo huliwa; utaona imeanza kuvimba chini ya rangi na kugeuka unga mweupe. Kila bolti unayoirudisha ipake grisi, na pale bati la alumini linapolalia chuma weka rangi ya msingi pande zote mbili na raba nyembamba katikati. Ukiziba unga ule kwa puti, utapendeza kwenye maonyesho ya mwaka huu tu.

Kuhusu safari sitasema mengi. Kutoka Tabora kwenda Kigoma kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza ni zaidi ya kilomita 400, na gari lililotoka kufufuliwa halijathibitisha chochote mpaka lizunguke mji wiki kadhaa. Likisafiri juu ya lori, lifungwe kwa ekseli na chesisi, kamwe si kwa bodi.

Uwanjani ndipo nawaomba sana muwe makini. Tuseme mko kwenye viwanja vya Nane Nane pale Ipuli, Agosti, vumbi na upepo, watoto wa shule wanashuka kwenye basi darasa zima kwa mpigo. Handibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Maana yake, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki ili watu waone difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, gurudumu lililo hewani linazunguka lenyewe na gari linaweza kuondoka huku handibreki imevutwa hadi mwisho. Na usidhani kuliacha kwenye gia kunatosha, kwa sababu kuna ile fimbo yenye rungu jekundu, ya kuchagulia mwendo mzito: mtoto akiivuta ikasimama katikati, gia yako haishiki tena kitu. Weka magogo mawili kwenye kila gurudumu la nyuma, mbele na nyuma, uyapigie misumari kwenye ubao mmoja yasihamishike kwa teke. Gari lisiinuliwe kwa jeki mbele ya watu hata kidogo. Weka kioo chini ya difu, wataona vizuri zaidi.

Kwenye nyingi ya gari hizi tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele, yaani mtu anayepanda kupigwa picha ameketi juu ya mafuta. Acha lita chache tu za kukuwezesha kuwasha na kutoka, chomoa waya wa betri, na mtungi wa kuzimia moto uwe mahali ambapo hata mgeni anauona, usiwe nyuma ya kiti. Kama gari lako ni la volti 24, kama yalivyokuwa mengi yaliyotengenezwa kubeba redio, andika 24V kwa herufi kubwa karibu na betri. Siku ya kuondoka kuna msamaria atakayekuja mbio na betri yake ya volti 12. Na msiegeshe chini ya miembe hata kivuli kikivutia vipi. Miembe ya Tabora ikiwa kwenye maua hudondosha majimaji yanayonata, vumbi likikaa juu yake rangi yako mpya imekwisha.

Marekani kuna chama cha wanaohifadhi magari ya jeshi kinachoitwa MVPA, kilichoanzishwa mwaka 1976, na kwenye kongamano lake la kila mwaka waamuzi hulikagua gari kipande kwa kipande. Huku kwetu sijakutana na mwamuzi wa aina hiyo. Tulio nao ni wazee, na wazee wa mji huu msiwachukulie kirahisi. Tabora imeishi na askari muda mrefu: Wabelgiji waliuteka mji huu kwa Wajerumani tarehe 19 Septemba 1916, kambi ya Kalewa ilikuwa na kikosi cha pili cha Tanganyika Rifles hadi maasi ya Januari 1964, na JWTZ ilipoundwa Septemba mwaka huo vijana wa huku waliingia. Waliopigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 wako mitaani, wananunua mkate duka moja na wewe.

Niliwahi kumwona mzee mmoja amesimama kwa muda nyuma ya Land Rover ya kijana aliyekuwa jirani yangu uwanjani. Kijana akamwamkia, shikamoo mzee, akaitikiwa. Kisha mzee akashika bampa, akachuchumaa taratibu, akachungulia chini.

"Mwanangu, kile kitaa cha huku mmekipeleka wapi?"

"Kitaa kipi, mzee?"

Akaeleza. Magari ya jeshi ya Kiingereza huwa na taa ndogo chini ya bodi nyuma, inayomulika difu, na difu inapakwa nyeupe. Msafara ukienda usiku na taa kubwa zimezimwa, dereva wa nyuma anafuata ule weupe tu. Kijana alikuwa amelifufua gari lote na kupaka difu nyeusi nzuri inayong'aa. Wakachuchumaa wote wawili, mzee akaweka kidole kwenye tundu mbili za skrubu ambazo kijana alishaziziba. Watu walikusanyika pale kuliko mbele kwenye rangi.

Kwa hiyo weka viti viwili vya ziada kivulini, na maji. Mzee akija, usianze kumweleza gari lako. Mkaribishe aketi, umuulize aliendesha nini. Wengine watacheka na kukuonyesha jinsi ya kubadilisha gia bila kusikika. Wengine watagusa mlango tu na kuondoka, na huyo usimfuate na simu mkononi. Kurekodi ni kwa ruhusa, picha ni kwa ruhusa, na kama kuna mjukuu aliyemleta, mwachie namba yako, maana baadhi ya mambo mtu huyakumbuka akishafika nyumbani. Magari yenye bendera za mapambo, muziki mkubwa na vijana wanaoigiza vita nimeyaona yakijaza watu saa nzima. Mimi siyapendi, na sitaficha kwamba huwakataza wanafunzi wangu. Mtu aliyezika mwenzake Kagera anapita hapo na mke wake.

Kibao chenyewe kiwe kifupi, kwa Kiswahili, herufi za kusomeka hatua tatu mbali: aina na mwaka, lilikotoka kwa kadiri hati zinavyosema, kilicho cha asili, kilichobadilishwa na sababu yake. Kiandikwe kwenye karatasi inayobadilishika. Jioni mkishafunga turubai, kabla ya kwenda kula, kaeni na daftari muandike mliyoambiwa siku hiyo, nani kasema na kwa maneno gani, kisha mchape kibao upya usiku huo huo. Yule kijana wa difu nyeusi alirudi asubuhi na kopo dogo la rangi nyeupe, na chini ya mstari wa mwisho wa kibao chake alikuwa ameongeza kwa kalamu ya wino: kitaa cha msafara kinatafutwa.