Kijito Kisichokauka Kiangazi

SWALI: Mhariri, mimi naishi Likoni, lakini shamba la familia liko Kwale, chini ya Vilima vya Shimba. Kijito kinachopita shambani hutiririka hata Februari, wakati cha jirani hubaki mchanga mtupu. Safari hii nimeona ukingoni tope la rangi ya kutu na utando unaong'aa kama mafuta. Je, kuna mafuta yanayovuja? Isitoshe, kaka yangu anataka kuchimba kisima cha pampu papo hapo. Kijito kitadhurika? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na utando, kwa kuwa ndio uliokutia hofu. Uguse kwa kijiti: ukipasuka vipande vipande na vikabaki vimetengana, hiyo ni kazi ya bakteria, ukijiunga tena mara moja, hapo shuku mafuta. Kwa kuwa umeuona pamoja na tope la kutu, nadhani ni bakteria. Maji yaliyokaa ardhini bila hewa huyeyusha chuma kilichomo mchangani, na yanapochuruzika ukingoni na kukutana na oksijeni, chuma hicho hugeuka kutu, nao bakteria hupata nguvu kutokana na mabadiliko hayo. Tope hilo likizidi, huziba nafasi zilizo baina ya changarawe ambamo wadudu wachanga hujificha.

Kutu hiyo inatuambia pia kwamba kijito chenu hulishwa na ardhi. Maji ya masika na vuli hunywewa na mawe ya mchanga ya vilima vile, yakashuka polepole, kisha yakatokea bondeni mvua ikiwa imeshasahauliwa. Chemchemi za Marere, ambazo maji yake yalivutwa kwa bomba hadi Mombasa, ni za vilima hivyo hivyo. Kijito cha jirani yaelekea kiko juu ya usawa wa maji ya ardhini, hivyo hakina akiba ya kukilisha mvua ikikatika.

Viumbe huijua tofauti hiyo. Jua la kaskazi linapochemsha vidimbwi, maji yatokayo chini hubaki karibu na wastani wa joto la mwaka, ambao Mombasa ni nyuzi 26 hivi, na samaki wadogo hupata pa kukimbilia. Fukua changarawe kwa kiganja, utakuta mabuu ya wadudu, na pengine kaa mdogo. Humo ndimo maji ya kijito na ya ardhini yanamochanganyika, na ndimo wengi wao wanamojihifadhi mkondo ukikatika. (Choo cha shimo kilicho mlimani nacho hupitisha nitrati, yaani chumvi zinazorutubisha mimea, kwa njia hiyo hiyo ya maji ya ardhini, mwani ukashamiri, kitazameni chenu kiko wapi.)

Kuhusu kisima, pampu huteka maji yaliyokuwa njiani kuelekea kijitoni, na ikiendeshwa mno karibu na ukingo huvuta hata ya kijito chenyewe. Mwambie kaka yako akichimbe mbali kadiri shamba linavyoruhusu, baada ya kupata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kabla ya hapo, pigilieni kijitoni kigingi chenye alama na muandike kimo cha maji kila wiki tangu sasa, maana pampu ikishaanza kazi hamtakuwa tena na cha kulinganisha.